Mwisho wa Gemu ya Mto

Mama amenikubalia kuandika habari hii kwa sharti moja: nisimtaje jina yeye, nisimtaje marehemu babu, wala mtu yeyote wa ukoo. Nimekubali. Kusema kweli mshtuko wenyewe haujanitoka mpaka leo, na sidhani kama majina yangenisaidia kuueleza. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nimefundisha sekondari hapa Mbozi karibu miaka ishirini, na wanafunzi wangu wanajua kwamba sishtuki ovyo. Wamewahi kuniletea nyoka kwenye boksi la chaki, nikamtoa nje kwa rula na kipindi kikaendelea. Lakini mwaka huu, kwa ajili ya kaseti moja ya zamani, nilikaa kwenye benchi la fundi pale Tunduma nikashindwa kusimama.

Ilianza tulipomhamisha mama. Alikuwa akiishi peke yake Isongole, magoti yanamsumbua, na kila nikimpigia simu ananiambia ameanguka kidogo tu. Nikasema basi, utakuja kukaa kwangu Mlowo, upende usipende. Alikuja na ubishi wake wote. Siku ya kufunga mizigo tulibishana juu ya kila sufuria, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanga vyombo vya mbegu. Ndani ya debe la maharage ya mbegu, chini kabisa, nikakuta mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira, na ndani ya mfuko kaseti. Juu yake palikuwa na neno moja kwa kalamu ya wino: MTO.

Nilipiga kelele za furaha mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

"Hiyo itupe," mama alisema.

"Nitupe? Mama, si ndiyo ile gemu ya baba mdogo?"

"Imeshakufa hiyo. Itupe."

Akaendelea kukunja vitenge bila kunitazama. Hapo ningepaswa kushtuka mara ya kwanza, maana huyu ni mtu asiyetupa hata kifuniko cha chupa iliyovunjika. Lakini furaha ilinizidi akili, nikaitia kaseti kwenye mkoba wangu na kujifanya nimeitupa.

Kwa waliozaliwa wakakuta simu mkononi, inabidi nieleze. Baba mdogo, mdogo wake baba yangu, alifanya kazi Zambia, kule kwenye migodi ya shaba, nyumbani kwa injinia mmoja wa Kizungu. Injinia alipomaliza mkataba wake alimwachia vitu vyake kadhaa, kimojawapo kompyuta. Msifikirie kompyuta za leo. Ilikuwa kitu cheusi, ukubwa wake hauzidi daftari kubwa, kina batani za mpira na hakina kioo. Unakichomeka kwenye TV. Sisi tulikuwa na TV ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe inayotumia betri ya gari, nayo imetoka huko huko. Gemu zenyewe zilikuwa kwenye kaseti za kawaida, kama za nyimbo. Unaweka kaseti kwenye redio, unaunganisha waya, redio inapiga makelele ya kukera kwa dakika tano, na kama hakuna mtu aliyegusa waya, gemu inatokea.

Pamoja na mashine kilikuja kitabu kinene cha Kiingereza kinachomfundisha mnunuzi kuandika gemu yake mwenyewe. Hili ndilo watu wa siku hizi hawaliamini kabisa. Baba mdogo alituambia kwamba huko Ulaya walikuwepo watu waliofanya kazi hiyo peke yao, nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula: mtu mmoja anabuni gemu, anachora, anatia sauti, anarudufu kaseti kwa mkono wake na kuziuza. Nilimsikiliza mdomo wazi. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na sikuwahi kufikiri kwamba vitu vya aina hiyo vinatengenezwa na mtu mwenye meza.

Mashine ilifungwa kwenye nyumba ya baba mdogo ya chumba kimoja, pale pale uani kwetu Isongole. Likizo ilipoisha alirudi Zambia akaiacha, kwa sababu babu alikuwa ameipenda kupita kiasi. Babu yangu mzaa baba alikuwa mzee wa kanisa, mkali, mwenye kahawa nyingi na maneno machache. Asubuhi alituongoza sote shambani, mchana akala, kisha akaingia kwenye kile chumba na fimbo yake, akaketi, fimbo katikati ya magoti, akacheza kwa vidole viwili. Betri ikiisha mapema alimlaumu mwenye mashine ya kusaga, ambaye ndiye aliyekuwa na jenereta ya kuichaji. "Yule ananipa nusu," alisema kila wiki. "Mkristo gani yule?"

Sasa nieleze jambo jingine, na hili wa kwetu watalielewa haraka. Kwetu Wandali, kwa desturi ya wazee, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mama aliolewa pale na kuzaa watoto watano bila kumtazama babu usoni hata mara moja. Babu akija upande huu, mama anapita upande ule. Wakikutana njiani ghafla, mama anaingia kwenye mahindi na kujifunika kitenge mpaka mzee apite. Hamsalimii, hataji jina lake, hampi chakula kwa mkono wake. Kanisani alikaa nyuma kabisa na kutoka kwa mlango wa pembeni. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na mama aliifuata barabara, tena alisifiwa kwa hilo. Wanawake wa pale walimtolea mfano kwa binti zao.

Ndiyo maana mwaka ule nilipofaulu darasa la saba, mama hakuwa na mdomo. Nilikuwa msichana pekee wa shule yetu aliyechaguliwa kwenda sekondari. Babu alimwita baba yangu na kumwambia tumshukuru Mungu, mtoto ameshajua kusoma na kuandika, inatosha. Shangazi yangu, binti yake, alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, ana watoto wa kiume watupu na anahitaji binti wa kumsaidia. Mvua zikipungua nitavushwa, nitakaa huko, na wakati ukifika nitapata mume huko huko. Baba akasema ndiyo baba. Baba yangu hakuwahi kumwambia mzee neno jingine.

Nililia siku mbili. Mama hakulia, au mimi sikumwona. Alikuwa na mtoto mchanga, mdogo wangu wa mwisho, kwa hiyo hakwenda shambani na sisi. Alibaki nyumbani asubuhi nzima. Akanifuta uso akaniambia, "Nyamaza, kula." Nilimchukia kwa hayo maneno mawili. Nilimwona hana msaada wowote.

Wiki chache baadaye ndipo ilipoonekana kaseti mpya, katikati ya zile alizotuachia baba mdogo. Zile nyingine zote zilikuwa za Kizungu, vyombo vya angani na mizimu inayofukuzana. Hii ilikuwa ya Kiswahili. Kwenye TV palitokea neno MTO, halafu mistari inayotikisika na kuvuma kama maji, na kijitu kidogo kimebeba sanduku kichwani. Unakirusha kutoka jiwe hadi jiwe, unakwepa mamba. Ukivuka, kuna mlima, mawe yanaporomoka. Sanduku likianguka unarudi mwanzo wa mlima. Kilikuwa kijitu cha vidoa vinne au vitano tu, lakini kilikuwa kinatembea njia yetu, ya kutoka ng'ambo ya Songwe kupanda huku kwetu. Sote tukasema baba mdogo ametutengenezea gemu. Tulimsifu mpaka kwa majirani.

Babu alizitupa zile za vyombo vya angani. Akawa anacheza Mto tu, kila mchana. Mimi nilikaa mkekani karibu na mlango na kumtazama, maana alinipenda, aliniita mke wake kwa utani kama babu wote, na hilo lilinitia uchungu zaidi: mtu anakuita mke wangu na huku anapanga kukuvusha. Nilicheza na mimi alipopumzika, lakini sikuwahi kufika hata nusu ya mlima. Yeye alifika. Na kila alipokaribia kileleni, bila kugeuka, alisema, "Mke wangu, kalete maji ya kunywa." Nikirudi na kikombe, kijitu kiko mtoni, kinaanza upya, na babu amenuna. Sikuwahi kuona mwisho. Nilikasirika kwa namna ambayo nilikuja kuijua tena ukubwani tu, kwenye foleni za benki.

Halafu mchana mmoja nikarudi na kikombe nikamkuta amesimama nje. Hakuchukua maji. Akamwita baba yangu kwa sauti ya kutisha kuku, akamwambia, "Mtoto aende shule. Sitaki kusikia neno jingine." Hakuna mtu aliyekuwa amesema neno lolote. Akaenda zake. Hakuingia tena kwenye chumba kile, na baada ya wiki aliagiza mashine irudishwe kwa mwenyewe Zambia kwa gari la mtu tunayemfahamu. Tukadhani imeharibika.

Wiki ile ile ikaja barua ya baba mdogo kutoka Zambia, ndani yake kalamu nzuri ya kunipongeza. Nikajumlisha mwenyewe: baba mdogo amemwandikia mzee, mzee amelainika. Kuanzia siku ile huyo ndiye aliyekuwa shujaa wangu. Nilimwambia mara nyingi, naye kila mara alicheka tu na kutikisa kichwa, na mimi nikaona ni unyenyekevu. Alipofariki, nilisimama mbele ya waombolezaji wote pale Isongole nikatoa ushuhuda. Nilisema, "Huyu ndiye aliyenipeleka shule. Bila yeye nisingekuwa mwalimu." Watu walilia. Mama alikuwa upande wa wanawake wanaopakua ugali, na nakumbuka alijifuta mikono kwenye kitenge akainamisha kichwa. Nikadhani ni msiba.

Basi. Mwaka huu, likizo ya mwezi wa sita, nikapanda kwenda Tunduma na kaseti yangu.

Fundi niliyeelekezwa ana kibanda nyuma ya barabara ya malori, kwenye kelele za madereva wanaosubiri kuvuka mpaka. Ni mtu wa makamo, kofia ya sufu, miwani imefungwa kwa uzi. Alijifunzia kazi Nakonde na Lusaka, na bado anachanganya lugha. Anatengeneza simu kwa sababu ya tumbo, lakini rafu ya nyuma amejaza mashine za zamani, nyingine zimekufa kabisa, na anazipangusa vumbi.

"Mwaiseni, madam," alinikaribisha. Nikamwonyesha. Akaipokea kwa mikono miwili. "Aisee. Hii si ya nyimbo. Umeitoa wapi?"

"Kwenye debe la maharage."

"Maharage ndiyo yameiponya. Unyevu hauikuti humo."

Aliisafisha kwa pamba na spiriti, akazungusha utepe taratibu kwa penseli, akaunganisha redio na laptopu yake, ambayo alisema ameifundisha kujifanya mashine ya zamani. Akabonyeza. Ile kelele ikatoka. Mama ntilie aliyekuwa mlangoni akaziba masikio, na mimi nikasikia machozi yanakuja, kwa kelele ile mbaya, fikiria. Mara ya kwanza ikakataa. Mara ya pili ikakataa. Mara ya tatu kioo kikawa cheupe, halafu neno MTO, halafu maji yakaanza kutikisika.

Nilicheka kwa sauti. Kijitu kilikuwa pale pale, kimebeba sanduku lake. Fundi naye alicheka. "Unaona?" alisema. "Zamani mtu mmoja ndiye kila kitu. Anachora yeye, muziki yeye, hesabu yeye. Na nafasi hana, mashine yenyewe kumbukumbu yake ni kijiko cha chai. Siku hizi wanakaa jeshi zima, gemu inakwama bado." Aliongea hivyo huku anachezea mamba kwa ustadi. Kisha akasimamisha. "Ngoja tumwone mwenyewe. Wale wa zamani walikuwa wanaacha alama humo ndani, sehemu ambayo mchezaji haoni."

Akaandika neno moja la amri. Gemu ikatoweka, ikaja orodha ndefu ya mistari yenye namba, programu yenyewe. Mstari wa kwanza haukuwa na kazi yoyote. Ni wa kumbukumbu tu, mashine inauruka. Uliandikwa: IMETAIPIWA NA MAMA. Na baada ya neno mama, jina langu.

Nikalisoma mara tatu. Ni jina langu, kwa herufi kubwa, na Isongole nzima hakukuwa na mtoto mwingine mwenye jina hilo.

"Ni utani," nilimwambia fundi. "Baba mdogo alikuwa anamtania shemeji yake."

Fundi alikuwa anasoma. "Huyu anajua kubana," alisema. "Tazama. Mlima wote ameuchora kwa herufi alizokwisha kutumia mtoni. Hatupi kitu."

Hapo ndipo nilipomtambua. Mama yangu hukata mche mmoja wa sabuni vipande sita na kila kimoja kina kazi yake. Elimu yake ni darasa la saba na miezi sita ya kujifunza taipu kwa masista kabla hajaolewa. Nilikuwa najua habari za taipu. Sikuwahi kuziwekea maana yoyote. Nikakumbuka mtoto mchanga, na asubuhi zote zile sisi tukiwa shambani, na betri inayokwisha kabla ya wakati. Maskini mwenye mashine ya kusaga, alisingiziwa bure.

Fundi alitaka kuruka moja kwa moja mpaka mistari ya mwisho. Nikamzuia. Nikamwambia nimesubiri miaka thelathini, nitafika kwa miguu yangu. Nilicheza mpaka mchana. Mama ntilie aliniletea wali, nikala kwa mkono mmoja. Hatimaye kijitu kikafika kileleni, kwenye nyumba yenye paa la bati, kikatua sanduku mlangoni. Kioo kikafutika. Herufi zikaanza kutokea moja moja, polepole.

BABA, SHIKAMOO.

Mwanamke ambaye hakumwamkia baba mkwe wake siku yoyote ya ndoa yake, anayeingia kwenye mahindi na mtoto mgongoni ili asionekane, alikuwa amemwamkia. Nilihisi kama nimefungua mlango bila kubisha hodi. Herufi zikaendelea.

MTOTO AMEFIKA MLANGONI. AINGIE SHULE? N NDIYO. H HAPANA.

Nikashika ukingo wa benchi. Fundi aliniuliza kama nataka maji, nikamwambia anyamaze kidogo. Nilikuwa nimekaa mkekani mita mbili kutoka kwenye maneno hayo, kila mchana, na kila mchana nikatumwa maji. Mtoto ni mimi. Lile sanduku ni la kwangu, la kwenda nalo shule.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye H. Nilitaka kuona. Kioo kikaandika: SAWA BABA. Halafu maji, mawe, mamba, na kijitu kiko ng'ambo tena na sanduku kichwani.

"Imerudi mwanzo," nilisema.

Fundi akaifungua orodha, tukaitafuta H pamoja. Ukibonyeza H unarudishwa mtoni. Hakuna kuaga, hakuna mwisho. Ukitaka kukataa tena, sharti uubebe mzigo upya, jiwe kwa jiwe, mpaka kileleni, uulizwe tena kwa adabu ile ile. Fundi alicheka mpaka akavua miwani. "Madam! Huyu mama ni mkorofi kweli kweli!" Mimi sikucheka. Niliogopa, kusema ukweli. Yule mtu mpole niliyemdharau kwa kuniambia nyamaza kula, alikuwa amemtwisha mzee wa kanisa sanduku langu na kumpandisha mlima kila siku.

Nilifika kileleni mara nyingine moja, nikabonyeza N. Mashine ikapiga wimbo wa kanisani, ule wa wanawake wanapopeleka sadaka, kwa sauti yake nyembamba ya kinanda kibovu. ASANTE BABA. Ikasimama.

Nilirudi Mlowo nimevurugika. Mama alikuwa barazani anapepeta maharage kwenye ungo. Sikumwamkia hata, nilisimama mbele yake nikasema, "Nimefika mwisho."

Alijua papo hapo. Mikono yake ilitulia kidogo, kisha ikaendelea na kazi.

"Nilikwambia uitupe."

"Mama, ulijifunzaje?"

"Kitabu si kilikuwepo? Na kamusi ya baba yako. Shemeji alinionyesha kuwasha na kuzima, yeye mwenyewe hakuelewa zaidi ya hapo. Nikamwapisha asiseme."

"Na ulimtesa mzee namna ile! Kila siku kumrudisha mtoni!"

"Nilimtesa?" Akanitazama, na nilimwona amekasirika kweli. "Waya wa betri ulikuwa miguuni pake. Ukichomoa, kila kitu kinazimika, mtoto mdogo anajua. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta na mwiko wangu, kila mchana nasikiliza. Nikisikia maji yameanza tena, najua amekataa. Nasubiri achomoe. Nilisema moyoni, akichomoa basi, nimeshindwa, binti yangu anavuka. Hakuchomoa. Kesho yake alikuja tena mwenyewe, hakuna aliyemwita."

Nikakaa chini. Nikageuzia hasira yangu kwenye msiba, maana aibu ya msiba ndiyo iliyokuwa ikiniunguza njia nzima. Nikamuuliza kwa nini aliniacha nisimame mbele ya watu wote na kumshukuru mtu asiyehusika, na yeye yuko pale pale anapakua ugali.

"Alihusika. Alinionyesha kuwasha."

"Mama!"

"Ulitaka nisimame niseme nini? Kwamba mimi, mkamwana, nilizungumza na baba mkwe?"

Nikaanza kumfundisha, kama ninavyofundisha watoto wa watu. Nikamwambia yale yalikuwa maandishi tu, tena ya mashine. Hamkuonana, hakusikia sauti yako, hilo halihesabiki kuwa mazungumzo, desturi haikuvunjwa, unaweza kumwambia mtu yeyote. Aliniacha nimalize. Kisha akauweka ungo chini.

"Usiseme halihesabiki," alisema. "Nilimwamkia siku kumi, hakusema kitu. Siku ya kumi na moja amekutuma maji, umetoka, mle ndani amebaki peke yake. Kabla hajabonyeza, nikamsikia. Alisema marahaba."